Njombe Mji katika Ligi Kuu: Historia ya Msimu Mmoja, 2017/18

Mhariri wa gazeti letu ameniomba niandike makala ya historia itakayowafaa wanafunzi wa zamani watakaohudhuria mkutano wetu, na vilevile wanafunzi walioko madarasani sasa. Najua wengi wangetazamia niandike juu ya Vita vya Majimaji, au juu ya reli ya TAZARA, au juu ya kampuni ya miwati iliyoanzishwa Kibena mwaka 1949. Hizo ni habari kubwa na zimekwisha kuandikwa na watu wenye elimu kunishinda. Mimi nimechagua habari ndogo: timu ya mpira ya Njombe Mji, iliyopanda Ligi Kuu mwaka 2017, ikacheza msimu mmoja, ikashuka mwaka 2018.

Huenda msomaji akauliza: timu iliyoshuka ina historia gani? Jibu langu ni kwamba vitabu na magazeti yetu yamejaa habari za mabingwa, na kila mtoto wa darasa la tano anajua ni lini Simba au Yanga ilitwaa kombe. Lakini katika kila ligi mabingwa ni timu moja, na nyingine zote ni za watu wanaoshindwa mara nyingi kuliko wanavyoshinda. Mtu akitaka kujua jinsi nchi inavyocheza mpira, na jinsi mji mdogo unavyojaribu kusimama pamoja na miji mikubwa, yampasa aangalie pia mwisho wa msimamo wa ligi.

NJIA PANDA YA MAKAMBAKO

Kwanza tuitazame nchi yenyewe. Mji wa Njombe uko juu, karibu mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, na kila aliyesoma huku anakumbuka baridi ya Juni na Julai, ukungu wa asubuhi, na maji ya kunawa yanayouma vidole. Umbali wa kilomita 60 hivi upande wa kaskazini upo Makambako. Hapo ndipo barabara kuu ya kutoka Dar es Salaam kwenda Mbeya na Zambia inapokutana na barabara ya Njombe na Songea, na ndipo reli ya TAZARA, iliyokabidhiwa rasmi mwaka 1976, ilipoweka stesheni yake kubwa ya eneo hili. Mkoa wa Njombe wenyewe ni mchanga. Ulizaliwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Mkoa wa Iringa. Kabla ya hapo, mtu wa Njombe aliyetaka kushangilia timu ya mkoa wake katika ligi kubwa alishangilia Lipuli ya Iringa.

Msimu wa 2017/18 Ligi Kuu ilikuwa na timu 16. Chukua ramani, weka kidole Makambako. Ukielekea magharibi utafika Mbeya, walikokuwa Tanzania Prisons na Mbeya City. Ukirudi kaskazini mashariki utafika Iringa kwa Lipuli. Ukishuka kusini utafika Njombe kwa Njombe Mji, na ukiendelea utafika Songea kwa Majimaji. Timu tano kati ya 16 zilikuwa kwenye barabara zinazokutana Makambako. Wachuuzi wa stendi ya Makambako, wauza mahindi ya kuchoma na mayai ya kuchemsha, waliyaona mabasi ya timu za Ligi Kuu yakipita karibu kila juma. Nadhani hakuna mji mdogo nchini ambao umewahi kuwa katikati ya mpira kiasi hicho bila kuwa na timu yake katika ligi hiyo.

TIMU ZA MIKOANI KATIKA LIGI YA TAIFA

Ligi ya taifa ilianza mwaka 1965, na bingwa wa kwanza alikuwa Sunderland, ambayo mwaka 1971 ilibadili jina na kuwa Simba. Kwa miaka kumi ya mwanzo kombe halikutoka Dar es Salaam. Mwaka 1975 ndipo Mseto ya Morogoro ilipokuwa timu ya kwanza kutoka nje ya Dar es Salaam kutwaa ubingwa. Nyanda za Juu Kusini nazo zilipata siku yao mwaka 1986, pale Tukuyu Stars ya Rungwe ilipopanda daraja na kuwa bingwa katika msimu wake wa kwanza. Coastal Union ya Tanga ilishinda mwaka 1988, na Mtibwa Sugar ya Turiani ikashinda mara mbili mfululizo, 1999 na 2000. Majirani zetu wa Songea, Majimaji, walitwaa ubingwa wa Muungano zaidi ya mara moja katika miaka ya 1980 na 1990.

Baada ya mwaka 2000 mlango ulifungwa. Isipokuwa Azam, iliyokuwa bingwa msimu wa 2013/14, ubingwa umekuwa ukizunguka kati ya Simba na Yanga. Azam nayo ni ya Dar es Salaam. Hata hivyo matumaini ya mikoani hayakufa. Katika msimu huohuo wa 2013/14 Mbeya City, ikiwa mara yake ya kwanza Ligi Kuu, ilimaliza ya tatu, nyuma ya Azam na Yanga tu. Mafanikio hayo yaliwapa moyo watu wengi wa mikoa hii. Kama Mbeya wameweza, walisema watu wa Njombe, na sisi tunashindwaje?

KUPANDA

Msimu wa 2016/17 Ligi Daraja la Kwanza ilikuwa na timu 24 katika makundi matatu ya timu nane nane. Mshindi wa kila kundi alipanda. Walipanda Lipuli, Singida United na Njombe Mji. Hapa naomba msomaji akumbuke tarakimu moja. Katika kundi la timu nane, kila timu hucheza michezo 14. Katika Ligi Kuu ya timu 16, kila timu hucheza michezo 30. Kwa hiyo Njombe Mji ilitoka katika safari fupi ikaingia katika safari ndefu zaidi ya mara mbili yake, na safari za kweli za barabarani zikawa ndefu zaidi: Bukoba kwa Kagera Sugar, Mtwara kwa Ndanda, Shinyanga kwa Stand United na Mwadui, Mwanza kwa Mbao, Singida, Turiani, Mlandizi, na Dar es Salaam mara tatu.

Kwa mara ya kwanza tangu mkoa uundwe, Njombe ilikuwa na timu Ligi Kuu. Mimi wakati huo nilikuwa kazini mbali na nyumbani, lakini simu yangu haikupumzika. Watu tuliosoma pamoja, wengine hatujazungumza kwa miaka kumi, tulianza kutumiana salamu kana kwamba tumefaulu mtihani wa kidato cha nne upya.

MSIMU WENYEWE

Ligi ilifunguliwa Jumamosi tarehe 26 Agosti 2017. Dar es Salaam siku hiyo Simba iliifunga Ruvu Shooting mabao 7 kwa 0, na Emmanuel Okwi peke yake akafunga manne. Njombe, katika uwanja wa Sabasaba, Njombe Mji iliwakaribisha Tanzania Prisons na kufungwa. Haikuwa aibu. Prisons ni timu yenye nidhamu ya jeshi lake, na mwisho wa msimu ule ilishika nafasi ya nne. Lakini pointi tatu za nyumbani zilikuwa zimeondoka kurudi Mbeya kwa njia ya Makambako.

Jumapili tarehe 10 Septemba walikuja Yanga, waliokuwa mabingwa watetezi. Nilichukua likizo ya siku chache nikapanda basi. Sijawahi kuiona Njombe ikiwa na watu wengi namna ile. Walitoka Lupembe, Uwemba, Wanging'ombe, Ludewa na Makete. Kutoka Makambako magari yalipandisha abiria mpaka mlangoni. Wazee walikuja na makoti na mablanketi. Yanga walishinda 1 kwa 0, bao la Ibrahim Ajib kwa mpira wa adhabu. Kwa timu iliyotoka daraja la kwanza miezi michache nyuma, kufungwa bao moja na bingwa wa nchi ni jambo la kuinua kichwa.

Lakini siku ile niliona jambo jingine ambalo halikuandikwa magazetini. Robo nzuri ya upande niliosimama ilivaa njano na kijani. Bao lilipoingia, nyavu zilitikisika mara moja na uwanja ukagawanyika: wengine wameshika kichwa, wengine wanarukaruka. Hawakuwa wageni. Walikuwa watu wa Njombe, wauza viazi, walimu, madereva, vijana wa mashamba ya chai. Mzee mmoja jirani yangu alimwuliza kijana aliyekuwa akishangilia, "Mwanangu, wewe wa wapi?" Kijana akajibu, "Wa hapahapa Ramadhani, baba. Lakini Yanga nimezaliwa nayo." Mzee hakumjibu. Akafunga koti lake vizuri akaendelea kutazama.

Ugenini mambo yalikuwa magumu zaidi. Tarehe 21 Oktoba 2017, katika uwanja wa Uhuru, Simba ilishinda 4 kwa 0. Tarehe 6 Februari 2018 Yanga nayo ikashinda 4 kwa 0. Katikati ya msimu benchi la ufundi lilibadilika. Matokeo hayakubadilika sana. Tarehe 3 Aprili 2018, siku ya Jumanne, Simba walikuja Sabasaba wakashinda 2 kwa 0, mabao yote ya John Bocco. Wakati huo kila mwenye kalamu na karatasi alikwisha anza kupiga hesabu ya pointi zilizobaki.

Msimu ulipokwisha mwezi Mei, Simba walikuwa mabingwa kwa pointi 69, ubingwa wao wa kwanza tangu 2012. Walishinda michezo 20, wakatoka sare tisa, wakafungwa mmoja tu, na Kagera Sugar, siku ile Rais John Magufuli alipokuja uwanjani kukabidhi kombe. Azam ilikuwa ya pili kwa pointi 58. Mwisho kabisa wa msimamo walikuwapo ndugu wawili wa barabara moja, Majimaji ya Songea na Njombe Mji. Timu mbili tu ndizo zilizoshuka mwaka ule, kwa kuwa ligi iliyofuata iliongezwa hadi timu 20. Yaani Njombe Mji ilishuka katika mwaka ambao kushuka kulikuwa kugumu kuliko kawaida. Jambo hilo liliwauma watu wengi, na hadi sasa linatajwa vijiweni.

LIGI YA BWENINI

Sasa naomba nitoke uwanjani kidogo. Wale tuliokuwa shuleni katikati ya miaka ya 1990 watakumbuka ligi ya dadu. Redio bwenini ilikuwa moja, ya kiranja, na mawe yake yalianikwa juani ili yaongezewe nguvu. Radio Tanzania ilipotangaza mpira tulisikiliza kwa zamu. Siku ambazo hapakuwa na mpira, tulicheza ligi yetu kwa dadu mbili za ludo na daftari la mistari.

Timu zilikuwa kumi. Tisa zilikuwa za kweli. Ya kumi tuliitunga wenyewe tukaiita Njombe, kwa sababu katika ligi halisi hapakuwa na timu ya Njombe, na tuliona haifai tuwe tunacheza Njombe bila Njombe. Sheria ilikuwa hivi: kila upande unarusha dadu moja, mwenye namba kubwa ameshinda, namba zikilingana ni sare. Lakini ili ligi ifanane na ya kweli, timu kubwa iliongezewa nukta mbili juu ya namba yake, timu ya kati nukta moja, na timu dhaifu haikuongezewa kitu. Njombe yetu, kwa haki, iliwekwa katika timu dhaifu. Nami ndiye niliyekabidhiwa kuirushia dadu.

Kila timu ilicheza michezo 18. Nakumbuka jinsi ambavyo, baada ya wiki mbili, hakuna aliyekuwa akiuliza Simba ya daftarini imefanya nini, maana ilijulikana. Swali la kila usiku baada ya maandalio lilikuwa, "Njombe leo?" Wavulana waliokuwa mashabiki wa kufa wa Yanga walikuja kusimama nyuma yangu dadu ilipokuwa ikiviringika, wakinong'ona, "Sita, sita, sita." Njombe ya karatasi iliifunga Yanga ya karatasi mara moja, na bweni zima likapewa adhabu ya kufyeka kwa kelele. Ilimaliza nafasi ya tisa.

Baadaye, nilipokuwa Chuo Kikuu, nilisoma kwamba mchezo wetu ulikuwa na ndugu zake wakubwa ng'ambo. Wamarekani wanapenda mchezo wa besiboli, ambao kila timu ya ligi yao kuu hucheza michezo 162 kwa msimu. Mwaka 1951 Richard Seitz wa Pennsylvania alianza kuuza mchezo wa dadu na kadi uitwao APBA, na mwaka 1961 Hal Richman wa New York akaanza kuuza wake, Strat-O-Matic. Kila mchezaji wa kweli ana kadi yake, na kadi imepangwa kufuatana na alivyocheza katika msimu uliopita. Dadu ikirushwa, kadi inasema amepiga au amekosa. Mtu anaweza kukaa mezani kwake akaendesha msimu mzima wa timu anayoipenda, hata kama timu hiyo ni ya mwisho. Mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipochelewesha ligi ya kweli, kampuni ya Strat-O-Matic iliendesha ligi ya kuigiza siku baada ya siku, na watu wakafuatilia matokeo ya michezo ambayo haikuchezwa. Uingereza nako Kevin Toms alitoa mchezo wa kompyuta wa kuongoza timu ya mpira mwaka 1982. Vijana wetu wa leo wanacheza wajukuu wa mchezo huo katika simu zao.

NUKTA MOJA

Kwa nini nimeleta habari ya dadu katika historia ya Njombe Mji? Kwa sababu dadu zinatusaidia kujibu swali lililogawanya vijiwe vya Njombe na Makambako mwaka 2018: je, timu ilishuka kwa bahati mbaya au kwa sababu?

Tufanye hesabu ya bwenini. Dadu mbili zina namna 36 za kuanguka. Timu zikiwa sawa, kila moja ina namna 15 za kushinda, na namna 6 ni sare. Timu kama hiyo ikicheza michezo 30, kwa pointi tatu za ushindi na moja ya sare, itategemea pointi 42 hivi. Sasa mpe mpinzani nukta moja tu ya ziada. Namna za kushinda zinapungua hadi 10, sare ni 5, na kufungwa ni 21. Pointi za msimu zinashuka hadi 29. Mpe mpinzani nukta mbili: ushindi namna 6, sare 4, kufungwa 26, na pointi za msimu ni 18.

Bahati ipo, wala siikatai. Kwa hesabu za takwimu, timu iliyozidiwa nukta moja inaweza, kwa bahati peke yake, kupata pointi saba hivi zaidi au saba pungufu ya zile 29. Kwa hiyo timu dhaifu yaweza kunusurika mwaka mmoja, na timu nzuri kidogo yaweza kushuka. Lakini tazama: nukta moja ya tofauti ina thamani ya pointi 13, na bahati ya kawaida ni pointi saba. Bahati haiwezi kuziba pengo lote. Anayesema "tungepata bahati tungebaki" anasema nusu ya kweli. Nusu nyingine ni kuuliza: ile nukta tuliyozidiwa ilitoka wapi?

Kwa maoni yangu ilitoka mahali panne. La kwanza ni fedha. Timu nyingi zilizokuwa juu yetu zilikuwa na mwajiri nyuma yake: Magereza, jeshi, viwanda vya sukari, kampuni kubwa. Mshahara wa mchezaji wa timu hizo haukutegemea kiingilio cha Jumamosi. La pili ni safari. Timu iliyolala ndani ya basi kutoka Njombe hadi Bukoba imekwisha kutoa nukta yake kabla ya filimbi kupulizwa. La tatu ni uzoefu: kutoka michezo 14 hadi 30 kunahitaji kikosi kipana, na kikosi kipana kinarudi kwenye lile la kwanza. La nne ni sisi wenyewe. Uwanja wa nyumbani ungetupa nukta: baridi, mwinuko, sauti ya watu. Lakini pale ambapo robo ya uwanja inashangilia wageni, nukta ile inagawanywa.

Singependa kijana yule wa Ramadhani alaumiwe. Alikuwa mkweli. Alizaliwa katika mkoa ambao haukuwa na timu, akachukua timu iliyokuwapo redioni. Upendo wa timu haujengwi kwa miezi tisa, na miezi tisa ndiyo yote tuliyopewa.

KUSHUKA NI NINI

Hapa ndipo besiboli ya Marekani inapotofautiana na mpira wetu. Mwaka 1962 timu mpya ya New York Mets ilicheza msimu wake wa kwanza. Ilifungwa michezo 120 na kushinda 40 tu. Lakini katika ligi yao hakuna kushuka daraja. Mwaka uliofuata Mets walikuwapo tena, na mwaka uliofuata tena. Watu waliendelea kuja uwanjani, watoto wakakua wakiwa mashabiki wa timu ya mwisho. Mwaka 1969, miaka saba baada ya aibu ile, Mets walikuwa mabingwa.

Njombe Mji haikupewa miaka saba. Sisemi kwamba kushuka daraja ni jambo baya. Bila kushuka hakuna kupanda, na bila kupanda Njombe isingeonekana kabisa. Nasema tu kwamba sheria hiyo ina gharama, na gharama hulipwa na miji midogo. Tazameni wale watatu waliopanda pamoja mwaka 2017. Singida United ilianza kwa kishindo, ikamaliza ya tano na kufika fainali ya Kombe la Shirikisho mwaka 2018. Lipuli nayo ilifika fainali ya kombe hilo mwaka 2019, ikafungwa na Azam bao moja. Mwaka 2020 zote mbili zilishuka. Katika miaka mitatu wote watatu walikuwa wameondoka. Hata Mbeya City, iliyotupa sisi moyo, ilishuka mwaka 2023 kabla ya kujikusanya na kurudi mwaka 2025. Ukiyaangalia haya yote pamoja huwezi tena kusema kwamba Njombe Mji peke yake ilikuwa na viongozi wabaya au wachezaji wavivu. Kupanda ni kazi ya mwaka mmoja. Kubaki ni kazi ya taasisi, yaani mfuko wa fedha, uwanja, timu za vijana, na mashabiki wanaorithishana.

NENO KWA WANAFUNZI

Yapo mambo matatu ningependa tuyajadili siku ya mkutano.

Kwanza, kumbukumbu. Nilipotaka kuandika makala hii nilifungua daftari langu mwenyewe nililoandika msimu ule, maana desturi ya bwenini ya kuandika kila matokeo haikunitoka. Napendekeza maktaba ya shule ifungue jalada la michezo ya mkoa wetu, na kila mwenye picha, tiketi au gazeti la 2017/18 alete nakala. Wanafunzi wa historia walifanye kuwa zoezi: wawahoji wauza mahindi wa stendi ya Makambako, wachezaji waliorudi mashambani, wazee waliosimama Sabasaba na makoti yao. Hiyo ni historia iliyo hai bado, na watu wake hawajafa.

Pili, timu za vijana. Ile nukta moja hainunuliwi siku ligi inapoanza. Huanza kutengenezwa katika viwanja vya shule, katika mashindano ya UMISSETA, kwa mipira ya kutosha na mwalimu anayekuja mazoezini hata kukiwa na ukungu. Sisi wanafunzi wa zamani tulio na mishahara tunaweza kuchangia mipira na viatu kila mwaka bila kuumia. Nimekwisha zungumza na baadhi ya wenzangu, nao wako tayari.

Tatu, na hili ni kwa vijana hasa: mnaweza kuipenda Simba au Yanga, hakuna ubaya. Lakini siku timu ya Njombe au ya Makambako itakapopanda tena, ambayo naamini itakuja, isiwakute bado mnatafuta upande wa kukaa. Sisi tulijifunza bwenini, kwa dadu mbili na timu ya karatasi isiyokuwapo, kwamba mtu anaweza kuishangilia Njombe kwanza na timu nyingine baadaye. Kama tuliweza kwa karatasi, nanyi mtaweza kwa timu ya kweli.

Nawatakia mkutano mwema, na safari njema wote mtakaopitia Makambako. Mwenye kumbukumbu za msimu ule, ninamwomba anione siku hiyo. Daftari langu nitakuja nalo.